Mkeka Niliouinua kwa Mikono Yangu

Mliokuwa nami wiki jana mnakumbuka niliachia wapi: nimefungua pazia alfajiri, mvua inanyesha Mangere nzima, mtaa wetu huku Auckland, na kwenye nyasi za mbele ya nyumba yangu kuna watu wawili wamepiga magoti, wamejifunika mkeka mmoja.

Aliyefika leo nimpe kwa kifupi. Mimi ni Leitu. Miaka mitano iliyopita nilimkimbia mume wangu, Panapa, nikiwa nimembeba binti yetu Filemu, hajui hata kusema sentensi. Mahakama ikamkataza Panapa kutusogelea. Nikahama, nikabadili namba ya simu, mtoto nikamwandikisha shule kwa jina la ukoo wangu. Tukatulia kidogo.

Kisha shule ikataka kuwatumia wazazi ratiba ya kambi, ikakosea, ikawatumia karatasi ya siri ya ofisini. Kila mtoto anakaa wapi, mzazi wake ana simu gani. Na mbele ya jina la Filemu maneno ya ziada, kwamba baba yake amewekewa amri ya mahakama na asijue mtoto anaishi wapi. Shule nzima ilisoma. Mangere ni ndogo, ndugu wa Panapa wamejaa, na kabla ya chakula cha mchana Panapa alikuwa na anwani yangu.

Siku chache baadaye nilikuta viatu vyangu vya harusi vimepangwa mlangoni, ncha zimeelekea ndani. Niliviacha kwake siku niliyotoroka.

Polisi wakasema kuleta viatu si kosa. Wakili wangu wa msaada wa sheria, Prabha, Mhindi wa Fiji asiyependa maneno mengi, akasema mwenye kosa ni shule, na shule italipa. Hiyo fidia ndiyo ingenihamisha mimi na Filemu hadi kisiwa cha kusini, mji ambao Panapa hana hata binamu mmoja. Sikuwa na njia nyingine. Mshahara wa kufungasha vyakula vya ndegeni haukuhamishi hata mtaa wa pili.

"Dada Leitu," Prabha alinionya, "usisaini kitu. Usiseme umesamehe. Wakikuletea hata keki, irudishe."

Habari ya mkeka hakuniambia. Angeijulia wapi?

Haya, sasa sikilizeni nilivyojimaliza.

Nilitoka kibarazani na lavalava, shuka yangu ya kulalia. Mjomba Faleafa alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti cha plastiki, fimbo katikati ya miguu. Anakaa nyumba ya nyuma yangu, na ndiye mkuu wa ukoo wetu. Kwenye ukoo wetu hakifungwi kitu wala hakifunguliwi bila yeye.

"Nani hao?" nikauliza.

"Mwalimu mkuu wa shule ya mtoto. Na msaidizi wake."

"Mzungu? Ifoga?"

"Hata mimi nimeshangaa. Kapiga magoti vizuri kuliko vijana wetu."

Kwetu Samoa mtu aliyekukosea vibaya huja hivyo. Anapiga magoti mbele ya nyumba yako, amejifunika mkeka wa thamani, na bila kufungua mdomo anakwambia: nipo, nifanye utakavyo. Unaweza kumwacha pale mpaka jua lizame. Unaweza kumrushia mawe, na zamani walirushiwa. Lakini ukiuinua ule mkeka, yamekwisha. Hayaulizwi tena.

Nilimtazama mjomba, nikaingiwa na hofu. Alikuwa amefurahi. Miaka arobaini amefagia viwanda vya wazungu wa Auckland, wakimwita kwa jina la kwanza kama mtoto, na leo mmoja wao yuko chini kwenye tope mbele ya ukoo wake.

"Mjomba, wakili kasema nisiseme kitu."

"Nani kakwambia useme? Ifoga haina maneno."

Majirani walikuwa wameshatoka. Mama Sefo, ambaye hajawahi kukosa jambo la mtu, alikuwa ameegemea uzio na kikombe cha koko mkononi.

"Leitu! Utamwacha mzungu wa watu afe na nimonia?"

"Ana koti!"

"Koti gani, mtu kalowa kama kuku!"

"Mama Sefo, kama unamwonea huruma mchukue kwako."

"Angenikosea mimi ningeshamchukua!"

Watu wakacheka. Barabarani, karibu na gari la shule, alisimama mtu wa tatu, amevaa koti la mvua lenye kofia, ametupa mgongo. Nikadhani dereva.

Niliapa kutouinua. Niliwaza viatu vyangu pale mlangoni. Nikamwambia mjomba, wakae, hata hadi jioni, hata hadi Krismasi. Nikavuta kiti na mimi nikakaa.

Ndipo Filemu akatoka na sare yake ya shule.

"Mama, Bwana Colbourne ameanguka?"

"Hajaanguka. Anaomba msamaha."

"Kafanya nini?"

Ningemwambia nini mtoto wa miaka saba? Baba yake hamkumbuki hata sura. Nilimwambia baba yako anaishi mbali, basi.

"Magoti yake yanauma, mama. Alitwambia alipasuliwa."

Kabla sijamshika, alichukua mwavuli wake mdogo wa vipepeo, akashuka ngazi, akaenda kusimama kando ya ule mkeka, akaukinga. Yeye mwenyewe mvua inampiga. Mwanangu, ambaye siri zake zimesomwa na mtaa mzima, analoa ili aliyezimwaga asilowe.

Nitasema kweli. Sikukumbuka fidia wala wakili wala kisiwa cha kusini. Nilishuka nikiwa sina viatu, machozi yananitoka, nikaushika mkeka kwa mikono miwili nikauinua.

Chini yake kulikuwa na uso wa mzee wa kizungu, mweupe kama unga, midomo inatetemeka. Akajaribu neno moja la kwetu la kuomba radhi, akalikosea. Pembeni yake msaidizi wake, mama mnene wa watu, analia waziwazi.

Mjomba akashuka. Akamkumbatia mwalimu mkuu, akatoa hotuba ndefu ya kichifu ambayo mzungu hakuelewa hata nukta lakini aliitikia kwa kichwa kila mahali. Koko ikaletwa, na maandazi. Mama Sefo akapiga picha. Mkeka ukakunjwa, ukaenda kwa mjomba, maana ndiyo haki yake.

Bwana Colbourne akiwa anasugua magoti, akaniambia, "Mama Filemu, mimi nisingejua njia hii. Kuna mtu wa kwenu alinielekeza, akanipa hadi mkeka."

"Mtu huyo ana adabu," mjomba akasema.

Sikuuliza ni nani. Nilikuwa nahangaika na sukari ya koko! Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa ameshapiga hodi.

Jumatano iliyofuata, saa ya mapumziko kazini, Prabha akanipigia.

"Dada Leitu, umesaini nini?"

"Sijasaini kitu."

"Hebu fikiri vizuri. Mawakili wa shule walikuwa wanakaribia kulipa. Leo wameondoa kila kitu mezani. Wanasema mmeshapatana. Wana picha."

Nikavua glavu.

"Niliinua mkeka," nikasema.

"Uliinua nini?"

Nikamweleza. Nikasikia kalamu yake ikigonga meza.

"Yaani umesamehe."

"Nimesamehe magoti yake! Ile karatasi sijaisamehe!"

"Mimi nakuelewa, dada. Lakini wao wameandika kwamba kwa mila yako mwenyewe, kwenye uwanja wako mwenyewe, mbele ya mkuu wa ukoo wako, jambo limefungwa. Kamishna wa Faragha, anayesikiliza malalamiko yetu, akiuliza kama mlipatana, wana shahidi."

"Shahidi gani?"

"Mjomba wako. Wamempigia, amewakubalia."

Nilimaliza zamu sijui nimefungasha nini. Huenda kuna abiria walikula samaki juu ya keki siku hiyo.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba, sijabadili hata nguo za kazi. Alikuwa sebuleni anasikiliza habari za nyumbani Apia redioni.

"Mjomba, umekubali kutoa ushahidi dhidi yangu?"

"Nimekubali kusema kweli. Mkeka uliinuliwa au haukuinuliwa?"

"Uliinuliwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Basi ugomvi uko wapi?"

"Urudishe, mjomba. Wapelekee mkeka wao, waambie tumekataa."

Akazima redio. "Mkeka ulioinuliwa haurudishwi. Unataka nikaambiwe neno la Faleafa ni la mchezo? Tutachekwa kuanzia hapa hadi Apia."

"Tuchekwe! Panapa anaujua mlango wangu!"

"Panapa ni jambo jingine. Mzungu ni jambo jingine."

"Ni jambo moja! Mzungu ndiye aliyemwelekeza Panapa mlango! Bila fidia siwezi kuhama, na nisipohama atanikuta. Unataka mje kunisomea maombi, mseme Leitu alikuwa na heshima sana?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi!"

Nikavuta mkeka wake wa kawaida uliokuwa sakafuni, ule wa kukalia wageni, nikapiga magoti mbele yake, nikajifunika kichwa.

"Haya. Na mimi nakuomba. Mzungu umemwona, mimi huoni? Niinulie na mimi!"

Kulikuwa na vumbi na harufu ya miguu ya watu. Nililia humo ndani kwa sauti, kama sijawahi kulia tangu siku niliyomkimbia Panapa. Nilimsikia mjomba anavuta pumzi, fimbo yake inasogea sakafuni.

Aliyeuinua alikuwa Mama mkubwa Ruta, dada yake mjomba, dada wa marehemu mama yangu. Alikuwa amerudi jana yake kutoka msibani Apia, miguu bado imevimba kwa safari ya ndege.

"Inuka wewe mtoto, unameza vumbi. Na wewe Faleafa, mtoto wa dada yako analia chini umekaa kama sanamu la kanisani. Huo mkeka wa mzungu mnaougombania uko wapi? Hebu niuone."

Mjomba aliinuka upesi, nadhani alifurahi kupata kazi. Akautoa chini ya godoro, alikokuwa anaulalia ili unyooke, akautandaza katikati ya sebule. Mchana ule, kwenye mwanga, ndiyo mara ya kwanza nami kuutazama sawasawa. Ulikuwa laini kama kitambaa, una manyoya mekundu ukingoni.

Mama mkubwa akainama kwa taabu. Akapapasa ukingo, polepole, mpaka kwenye pembe. Mkono ukasimama.

"Faleafa. Huu kautoa wapi?"

"Wazungu wana pesa, kanunua."

"Huu haununuliwi. Huu kausuka mama yetu."

"Ruta, macho yako..."

"Macho yangu mabovu, vidole vyangu vizima. Gusa hapa. Panya waliila pembe hii mwaka wa kile kimbunga, mama akalia siku nzima. Nani aliyeishona? Mimi. Nyuzi hazikulingana rangi, akanigombeza. Gusa!"

Mjomba akagusa. Uso ukamshuka.

"Ulikuwa kwetu," Mama mkubwa akasema, "mpaka harusi ya Leitu. Nikaubeba mimi mwenyewe kanisani. Nikamkabidhi mama yake Panapa."

Mama yake Panapa alifariki mwaka juzi. Vitu vyake vyote alivichukua mwanawe. Hakuna aliyelazimika kulisema hilo.

Yule mtu wa kwetu mwenye adabu, aliyemfundisha mzungu kupiga magoti.

Mtanishangaa, lakini kwanza nilifurahi. Moyo uliruka! Maana kama mkeka ulitoka kwa Panapa, basi ile haikuwa ifoga: mtu haombwi radhi kwa mkeka wa ukoo wake mwenyewe. Mjomba aliliona hilo kabla yangu. Alisimama wima, mzee yule, fimbo hakuishika.

"Nimedanganywa," akasema. "Mtu amechukua jasho la mama yangu akanifanyia mtego kwenye uwanja wangu mwenyewe. Mpigie wakili wako. Mwambie Faleafa atakwenda mbele ya Kamishna, na atasema mkeka ule haukufunga kitu."

Nilimkumbatia mpaka akalalamika mbavu. Nikampigia Prabha. Yule mwanamke asiyecheka alicheka.

"Ila nataka jina," akasema. "Muulize mwalimu mkuu mkeka kapewa na nani. Mpigie sasa hivi, kabla mawakili wake hawajamfunga mdomo. Akikutajia, shule imekwisha."

Nilitazama saa ya ukutani. Shule ilikuwa inatoka, na nilikuwa karibu kwenda kumchukua Filemu. Nikasema nipige kwanza, niulize, kisha nikimbie. Nikaweka simu kwa sauti ya juu, Mama mkubwa na mjomba wasikie.

"Mama Filemu!" Bwana Colbourne alikuwa mchangamfu. "Habari za nyumbani? Mjomba hajambo?"

"Hajambo. Bwana Colbourne, nani alikupa ule mkeka?"

"Mkeka? Si Tavita."

"Tavita gani?"

"Kaka yako."

"Mimi sina kaka."

Alicheka kidogo, kama mtu anayetaniwa. "Tavita, yule aliyetuleta kwako siku ile, akasubiri kwenye gari. Mtu mrefu. Ana kovu hapa, juu ya jicho."

Kovu lile ninalijua. Nililiweka mimi, kwa pasi, siku niliyotoroka.

"Ulikutana naye wapi?"

"Alikuja ofisini mwenyewe. Alisema familia imeumia sana, na kwenu pesa haiponyi, kinachoponya ni hiki. Mtu mpole sana. Alinifundisha hata namna ya kuinamisha kichwa."

Mama mkubwa alikuwa amejishika kifua.

"Yuko wapi sasa huyo Tavita?"

"Mmepishana. Ameondoka hapa dakika hizi."

"Alifuata nini shuleni?"

"Si alikuja kumchukua Filemu? Alisema umemtuma, utachelewa kazini."

Sikusikia kilichofuata mara moja. Nilisikia redio, ingawa ilikuwa imezimwa. Nikasema, au labda nilipiga kelele, "Mmempa mwanangu?"

"Mama Filemu, tulia. Wa ofisini walimkatalia, jina lake halikuwa kwenye watu unaowaruhusu. Nikatoka mimi mwenyewe. Nikawaambia huyu namfahamu, nilikuwa naye nyumbani kwao kabisa."

"Nani alikuruhusu? Bwana Colbourne, nani alikuruhusu?"

Nyuma yake nilisikia watoto wanaagana, na geti likigongwa. Alipozungumza tena uchangamfu ulikuwa umemtoka, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeanza kuelewa.

"Lakini mkeka," akasema, "si uliuinua wewe?"

Mama mkubwa alikuwa ameshashika funguo za gari. Mjomba Faleafa, ambaye haingii na viatu hata kwenye chumba cha wajukuu zake, alivaa vyake palepale sebuleni, akaelekea mlangoni. Aliukanyaga mkeka wa mama yake katikati, na hakutazama chini.